Maafa yakija, nani atakayebaki na daftari? Kutoka Japani nikiifikiria Kariakoo

Kila Septemba 1, siku ambayo Japani hukumbuka tetemeko la Kanto la mwaka 1923, maeneo mengi ya kazi hapa ninapoishi hufanya mazoezi ya maafa. Kinachonivutia zaidi ni maswali yanayojadiliwa mapema: kazi ipi irudi kwanza, nani aamue iwapo mkuu hapatikani, na kumbukumbu za wateja na wadaiwa ziko wapi nje ya jengo lenyewe.

Nyumbani Tanzania moyo wa kuanza upya tunao, tena mkubwa, lakini tunauacha ufanye kazi peke yake. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Katika moto wa namna hiyo, mfanyabiashara aliyeweka daftari, stakabadhi za manunuzi na mkataba wa pango dukani hupoteza mali na pia uthibitisho kwamba mali hiyo ilikuwepo, huku mkopo wa benki ukiendelea kudai marejesho. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, hupeleka taarifa za mauzo TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ila haisemi ni mzigo kiasi gani uliokuwa umebaki stoo, na bila ushahidi huo hata mwenye bima ya moto atahangaika kudai fidia yake.

Najua wengi watanijibu kwamba bima yetu ni kikoba, kikundi cha kuchangiana na kukopeshana. Nakiheshimu sana kikoba, na huku ugenini sijaona kitu kinachokifikia kwa wepesi wa kumshika mtu mkono. Hata hivyo, kikoba ambacho wanachama wake wote wanauza katika soko moja huungua pamoja na soko hilo, kwa kuwa siku wote wanapohitaji kukopa ndiyo siku ambayo hakuna anayeweza kurejesha.

Wajapani nao waliumizwa na jambo hilohilo. Tetemeko la Machi 11, 2011 liliharibu kiwanda cha Renesas kilichoko Naka, kilichotengeneza vipuri vya kielektroniki vya magari, na kampuni zilizodhani zina wauzaji wengi zikagundua kwamba wengi wao walitegemea kiwanda hicho kimoja. Baadaye Toyota ilianza kuorodhesha wasambazaji wake hadi wale wa ngazi za chini kabisa.

Kwa maoni yangu, vikoba na vyama vya wafanyabiashara vinaweza kujiandaa mapema bila gharama kubwa: vichanganye wanachama wa masoko tofauti, viandike katika katiba zao utaratibu wa kusimamisha marejesho na kutoa mtaji wa dharura, na vimtake kila mwanachama apige picha daftari lake na mzigo wake kila mwisho wa wiki, kisha amtumie ndugu anayeishi mkoa mwingine. Mweka hazina naye asihifadhi orodha ya michango katika kibanda chake.