Leseni ya kulea watoto: ya California tusiige yote

Wakenya wa huku California wanaotaka kulea watoto majumbani mwao hulalamikia makaratasi, na kweli ni mengi: semina ya maelekezo, alama za vidole za kila mtu mzima anayeishi humo, kipimo cha kifua kikuu, chanjo za surua na kifaduro, saa 16 za mafunzo ya afya na usalama, cheti cha huduma ya kwanza kinachohuishwa kila miaka miwili, na mtungi wa kuzimia moto wa kiwango cha 2A10BC, si kile kichupa cha kwenye gari. Lakini mpangaji wa kawaida anaweza kuyamaliza yote hayo. Jambo hilo ndilo la kuiga kwetu Kenya.

Sheria ya jimbo iitwayo SB 234, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, ilisema wazi kwamba hata nyumba yenye leseni kubwa, ile ya watoto 12 hadi 14 na msaidizi mmoja, ni makazi tu. Mji hauwezi tena kudai kibali cha matumizi ya ardhi wala ada ya biashara. Mwenye nyumba naye hana uwezo wa kukataa kazi yenyewe. Mpangaji anampa taarifa ya maandishi siku 30 kabla ya kuanza, basi.

Ukali wenyewe umewekwa kwenye hesabu ya vichwa. Leseni ndogo humruhusu mlezi mmoja kushika wachanga wanne peke yao, au watoto sita ambao wachanga hawazidi watatu, au wanane wenye wachanga wawili tu, ilimradi angalau wawili wawe wa umri wa shule na, kwa idadi hiyo, mwenye nyumba awe ameridhia kwa maandishi. Mchanga ni yeyote ambaye hajatimiza miaka miwili. Wengi hukwama hapa, kwa sababu mlezi huhesabu watoto wa wateja na kusahau wake. Wa kwake wa chini ya miaka 10 wamo kwenye hesabu. Kijana wake naye akitimiza miaka 18 bila kupigwa alama za vidole, mkaguzi akimkuta humo ni faini.

Usingizi nao una kanuni zake. Mchanga hulazwa chali, kwenye kitanda chake, juu ya godoro gumu lenye shuka iliyobana, bila mto, bila blanketi, bila kufungwa nguo ya kubana. Kila dakika 15 mlezi anamtazama anavyopumua, anagusa kama amepata joto kupita kiasi, kisha anaandika. Akisinzia kwenye kiti cha gari, anahamishiwa kitandani. Bibi zetu wangeguna kusikia habari ya blanketi, lakini mtoto akikosa pumzi, kosa hilo halina marekebisho.

Nyumbani, Katiba ya 2010 imewapa kaunti kazi ya vituo vya kulelea watoto. Mama wa Mukuru, mtaa wa mabanda wa Nairobi, anayelea kwenye chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, akilipwa kwa siku, ukimtaka uwanja wa kuchezea na vyoo vya kiwango cha shule, hatajisajili. Ataendelea kulea mlango ukiwa umefungwa. Mtake hesabu ya wachanga kwa mlezi mmoja, jiko litengwe na watoto, kila mtoto awe na mahali pake pa kulala, na daftari la usingizi. Hayo anayaweza hata mwezi huu.

Kipo kimoja cha California ambacho kingetuumiza. Leseni yao imefungwa kwenye anwani: ukihama, hata mtaa wa pili, unaomba upya na kukaguliwa upya. Nairobi, ambako kodi hupanda ghafla na bomoabomoa huja usiku, mlezi angekuwa anaomba leseni kila mwaka. Leseni iwe ya mtu, alama zake za vidole na vyeti vyake vimfuate, na akihama afisa akague chumba kipya tu.