Nani Ameandika Jina Lake Kwenye Mkanda Huu?

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja kibandani kwangu Majengo, hapa Dodoma, na mkanda wa kupandia juu, ile ya mafundi ujenzi inayopita mabegani na mapajani. Aliniamkia, akauweka juu ya cherehani, akasema, "Mama, nipigie mshono hapa tu, saa nane natakiwa saiti." Mimi nashona maturubai, mifuniko ya magari na mabegi. Nina cherehani ya vitu vizito na uzi wa nailoni, kwa hiyo hakukosea mlango.

Niliugeuza kwenye mwanga. Mkanda ulikuwa wa njano, na uzi wa kiwandani mweusi. Rangi hizo hazikuwekwa kwa urembo. Mikanda hii hushonwa kwa uzi usiofanana nayo kwa makusudi, ili mshono ukikatika jicho lione mara moja. Sasa pale bega linapokutana na pete ya mgongoni, kwenye lile boksi la mshono lenye msalaba ndani, uzi haukuwa mweusi tena. Ulikuwa wa njano. Kuna fundi alishapita hapo kabla yangu, akafumua, akashona upya, akachagua uzi unaoendana na mkanda ili kazi ionekane safi. Na kweli ilikuwa safi, mishono imenyooka kama ya gauni la harusi. Nikaukunja mkanda kwa vidole gumba viwili. Matundu ya sindano ya zamani na ya sasa yakafunguka kama chujio la chai, na unga mwembamba wa njano ukabaki kwenye kucha zangu. Jua lilikuwa limeshaula.

"Mwanangu, huu sishoni."

"Mama, si mshono wa elfu mbili tu?"

Nikamuuliza nani aliukagua. Akanionyesha stika ya kijani iliyoandikwa IMEKAGULIWA. Haikuwa na tarehe wala jina la mtu. Akachukua mkanda wake akaondoka, na sijui kama alipata fundi mwingine. Usiku ule sikulala vizuri, na ndiyo sababu naandika haya.

Kushona nilifundishwa na mama. Kukagua nilifundishwa na baba mdogo, ambaye ujanani alikuwa jeshini kwenye kazi ya kukunja maparachuti. Alipostaafu alikuwa akija kukaa nami kibandani, na mikono yake haikuwahi kusahau. Kabla ya kugusa kitambaa alivua pete, akakata kucha, akanawa mikono, akaikausha kabisa. Alisema ukucha uliochongoka unanasa uzi, na uzi mmoja ukivutika kwenye nailoni nyembamba unaacha njia ambayo mpasuko utaifuata. Kitambaa alikipitisha kipande kwa kipande mbele ya mwanga. Kamba alizihesabu kwa kuzishika, moja moja. Ukimsalimia katikati ya hesabu hakuitikia. Akimaliza ndiyo anaitikia, na kama umemchanganya anaanza upya tangu kamba ya kwanza. Utotoni nilidhani ana hasira. Nilipokua nikaelewa kwamba alikuwa anamlinda mtu ambaye hayupo pale chumbani.

Mrukaji wa michezo, yule anayeruka kutoka kwenye ndege kwa kupenda mwenyewe, hubeba maparachuti mawili mgongoni. Lile kuu anaweza kulikunja mwenyewe. La akiba ni habari nyingine. Kwa sheria ya Marekani, la akiba haliruhusiwi kurukiwa kama zimepita zaidi ya siku 180 tangu lilipofunguliwa, likakaguliwa na kukunjwa upya na fundi mwenye leseni, hata kama halijawahi kuona hewa tangu siku hiyo. Zamani zilikuwa siku 120. Zikaongezwa mwaka 2008. Fundi akimaliza anaandika kwenye kadi inayokaa na parachuti: tarehe, mahali, kasoro aliyoikuta, jina lake, namba ya leseni yake, sahihi. Kisha anapitisha uzi mwembamba penye pini inayofunga mfuko na kuubana kwa lakiri ya madini ya risasi iliyogongwa alama yake. Ni alama ya yule fundi mwenyewe, aliyopewa yeye. Uzi ukikutwa umekatika, parachuti linarudi mezani. Na kumbukumbu za alichokunja anatakiwa azitunze kwa miaka 2 au zaidi.

Sisi lakiri tunaijua. Tumeiona kwenye mizani ya sokoni na kwenye pampu za mafuta, na mtu akikuta imekatwa anapiga kelele, kwa sababu hapo kuna kilo yake ya sukari na lita yake ya petroli. Natamani tupige kelele hizo hizo kwa ajili ya mgongo wa kijana aliye ghorofa ya sita.

Jeshi la Marekani lina utaratibu ambao baba mdogo aliupenda sana: mkunjaji lazima awe mrukaji, na awe tayari wakati wowote kuambiwa alirukie parachuti alilolikunja mwenyewe. Utaratibu huo haukuwekwa ili kumtisha mtu. Unamfanya mkunjaji na mrukaji wawe na hofu moja.

Kuna watu wananiambia, mama wewe unakuza mambo, mkanda mzima unaonekana kwa macho. Jamani, macho hayatoshi. Miaka ya 1980 kulitokea shida kwenye maparachuti ya akiba ya duara yaliyokuwa na wavu sehemu ya chini. Wavu ule ulikuwa na asidi, na asidi ikala nailoni iliyolala juu yake ndani ya mfuko, taratibu, gizani. Kitambaa kilionekana kizima, kina rangi yake na ulaini wake, kumbe unaweza kukichana kwa mikono. Mafundi wakaanza kupima kwa dawa ya rangi inayogeuka njano ikikutana na asidi, halafu wakabana kitambaa kwa vibanio na kukivuta kwa nguvu ya pauni 40, yaani kama kilo 18, waone kama kitahimili. Kuangalia tu kungewaua watu. Yule kijana wangu aliniambia mikanda yao husafirishwa nyuma ya pikapu pamoja na betri za jenereta. Niliposikia hivyo nikamkumbuka baba mdogo, maana maji ya betri ni asidi.

Na hapa kwetu adui ni wengi. Mvua zikikatika Aprili, jua linatuwakia mpaka Novemba, na miale yake inakausha nyuzi za nailoni na za poliesta. Mkanda unaoning'inizwa kwenye mabomba ya jukwaa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi unaliwa hata usipovaliwa. Kuna vumbi la Dodoma, ambalo ukilitazama vizuri ni mchanga mdogo mdogo wenye makali. Likiingia ndani ya mkanda, kila unapokunjika nyuzi zinasagana. Kuna saruji mbichi, ambayo ni kali kwa poliesta. Ninapopita kule Mtumba, kwenye mji wa Serikali, na kuona majengo yanavyopanda, nafurahi kwa mji wangu, halafu macho yangu yanaenda kwenye mikanda kabla ya kwenda kwenye vioo.

Vitu vya kuokoa maisha vina umri wa kufa, na watu wa maparachuti walikubali hilo. Wana kifaa kidogo kinachoitwa Cypres, kilichotoka Ujerumani mwaka 1991, kinachokata chenyewe kitanzi kinachofunga mfuko wa parachuti la akiba endapo mrukaji bado anaporomoka kwa kasi akiwa amebakiza kama mita 225 kufika chini. Cha kwanza kabisa kilipewa miaka 12, kikirudishwa kukaguliwa kila baada ya miaka 4. Baada ya hapo, hata kama kinawaka taa na kujibu vizuri, kinawekwa pembeni. Kwetu mkanda unastaafu siku ukikatika, na siku hiyo kuna mtu ndani yake. Hata mkanda uliowahi kumdaka mtu aliyeanguka, ambao watengenezaji wanasema uondolewe kazini hapo hapo, unarudishwa kwenye msumari wake asubuhi inayofuata. Hilo linaniumiza kuliko yote.

Nasema pia na mafundi wenzangu wa cherehani, maana sisi ndio tunaopigiwa hodi. Mwaka 1912, tarehe 4 Februari, fundi cherehani mmoja wa Paris aitwaye Franz Reichelt aliruka kutoka ghorofa ya kwanza ya Mnara wa Eiffel, mita 57, akiwa amevaa parachuti alilolishona mwenyewe. Alikufa pale pale. Kabla ya siku hiyo alishajaribu kwa masanamu, na masanamu yalianguka vibaya. Majibu ya ukaguzi alikuwa nayo mkononi. Siulaumu ushonaji wake. Nafikiri alishona kwa moyo wote. Lakini aliamini mshono wake kuliko aliyoyaona kwa macho yake. Kila ninapomkumbuka nauona ule uzi wa njano. Fundi aliyeupiga alijua kushona, na hakujiuliza kama kile anachokishona bado kinashoneka.

Najua wasimamizi watasema gharama. Mkanda mpya ni pesa, na kazi za siku hizi faida yake ni nyembamba. Naelewa, na mimi nalipa kodi ya kibanda. Ila Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na kifaa kilichooza hakikingi. Wengine watasema parachuti ni la angani, sisi tuko kwenye jengo. Mrukaji wa angani ana parachuti la pili na ana sekunde za kulifungua. Fundi wa plasta aliyeteleza ghorofa ya tatu hana la pili, na hana sekunde.

Ninachoomba hakihitaji mashine. Kila mkanda uwe na kadi yake. Anayekagua aandike jina lake kamili, si la kampuni, na tarehe. Na awe na ruhusa ya kusema huu hapana, bila kuambiwa anachelewesha kazi. Stika isiyo na jina ninaiona kama karatasi ya rangi tu, kwa sababu siku ya siku hakuna mtu utakayemuuliza alishika wapi, alikunja wapi, aliona nini.

Nimeanza upande wangu. Nimeshona vifuko vidogo vya turubai jeusi vyenye dirisha la plastiki, vya kufunga kwa kamba kwenye mkanda wa kiunoni bila kuutoboa kwa sindano. Ndani kuna kadi ya mistari minne: tarehe, kilichokaguliwa, kasoro, jina na sahihi. Mpaka leo nimeshona kumi na viwili. Msimamizi mmoja wa saiti ya Nzuguni alivichukua vitano Jumamosi iliyopita, akajaza kadi ya kwanza mbele yangu. Alipofika kwenye mstari wa jina aliinua kalamu, akauvuta tena ule mkanda, akaukunja kwa vidole gumba mpaka mwisho, akauweka pembeni na kuchukua mwingine.