Bourbon ya pipa lililobanikwa: usiihukumu kwa pua peke yake

Wasiotumia kilevi wataniwia radhi; leo naandikia wanaotumia, tena wale wanaolipa bei ya juu kwa chupa ya bourbon, wiski ya Marekani ya mahindi, yenye maneno "toasted barrel", yaani imemaliziwa kwenye pipa la pili lililobanikwa kwa moto, wakiamini bei hiyo imebeba ubora. Wengi wao hutoa hukumu kabla funda la kwanza halijashuka kooni. Wananusa, wanakutana na vanila na sukari iliyoanza kuungua, wanatabasamu, wanatoa alama tisa kwa kumi. Mimi nasema harufu hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Bourbon ya aina hii ipimwe mwishoni mwa funda, na ipimwe ikiwa kando ya ndugu yake ambaye hakupitishwa kwenye pipa la pili.

Tuanze na pipa, maana ugomvi wote uko hapo. Sheria ya Marekani inataka bourbon itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, ikomazwe kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, na isiongezwe rangi wala ladha. Kuchoma huko ni moto mkali wa muda mfupi, mara nyingi hata dakika moja haifiki, na ukuta wa ndani wa pipa unageuka mkaa. Kubanika ni kazi nyingine kabisa. Moto unakuwa wa taratibu, mbao zinapata joto polepole hadi ndani, zinabadilika rangi kuwa kahawia bila kuwa mkaa. Joto hilo huvunja sukari zilizojificha ndani ya mbao, ndiyo asili ya ladha ya karameli, na huamsha vanilini, ile ile inayoipa vanila harufu yake. Ule mkaa wa pipa la kawaida nao una kazi: huchuja baadhi ya harufu mbaya za kilevi kichanga. Kwenye pipa lililobanikwa mkaa ni kidogo au haupo, kwa hiyo kinywaji kinagusana na mbao uso kwa uso.

Ndiyo maana wiski hukomazwa kwanza miaka yake kwenye pipa la kawaida, halafu ikahamishiwa la pili kwa muda mfupi tu. Ikizidi, mbao zinatawala.

Mtindo huu si wa zamani sana. Watengenezaji Woodford Reserve walitoa Double Oaked, bourbon yao ya mapipa mawili, mwaka 2012, Michter's wakafuata na bourbon yao ya pipa lililobanikwa mwaka 2014, na Heaven Hill wa Bardstown, Kentucky, wakaleta Elijah Craig Toasted Barrel mwaka 2020. Siku hizi kila rafu ina yake.

Hii ya Elijah Craig ndiyo ninayoipenda kwa kujifunzia, kwa sababu moja ya msingi: ina kilevi asilimia 47, na ndugu yake wa kawaida, Small Batch, naye ana asilimia 47. Nguvu ni ile ile na kiwanda ni kile kile, kwa hiyo tofauti utakayoionja ni kazi ya mbao. Ukilinganisha chupa zenye nguvu tofauti utasifu kilevi ukidhani unasifu pipa.

Mimina glasi mbili, usiweke barafu, ziache zipumue kama robo saa. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo ili pua isichomwe. Ile ya kawaida inakupa mahindi matamu, karameli, na mbali kidogo ule ukali wa nafaka ya rai. Ile iliyobanikwa inakuja kwa kishindo: sukari ya kuungua, chokoleti, mdalasini. Hapa ndipo watu wanapopiga makofi. Sasa chukua funda dogo, lizungushe, limeze, kisha nyamaza. Utamu utakaa mbele ya ulimi, viungo vitapita katikati, na baada ya hapo inaanza habari ambayo haiandikwi kwenye lebo: ukakasi. Ulimi unakauka pembeni, ufizi unakaza, na unabaki na uchungu wa chai iliyosahauliwa jikoni majani yakiwa ndani.

Niliwahi kumpa glasi rafiki yangu, Mkongomani anayeishi Louisville, mji wa Kentucky ambao Kiswahili unakisikia hadi kwenye foleni ya duka. Akaonja, akatikisa kichwa, akauliza: "Ndugu, sasa mahindi yamekwenda wapi?" Sijaona swali bora zaidi la kuhukumia bourbon iliyobanikwa. Kinywaji kilichozaliwa na mahindi, mkulima akalima, mpishi akachachusha na kukeneka, ghala likakitunza kwa miaka, halafu unaonja mbao tupu!

Kipimo changu cha pili ni maji. Zimua kwa matone machache tu. Bourbon iliyokaa sawa hufunguka, nafaka hujitokeza, utamu hutulia. Iliyozidiwa na pipa hufanya kinyume chake: utamu unakimbia, ukavu unabaki. Elijah Craig Toasted, kwa ulimi wangu, iko katikati. Matone mawili inavumilia, ukiongeza inakuwa nyembamba na kavu. Naipa heshima kwa glasi moja baada ya chakula kizito; glasi ya pili narudi kwa Small Batch bila kujuta, tena kwa bei ya chini.

Woodford Double Oaked naiweka juu yake, ingawa harufu yake haina kelele nyingi. Nguvu yake ni asilimia 45.2, na pipa lake la pili limebanikwa sana lakini pia limechomwa kidogo. Nadhani huo mkaa kidogo ndio unaoiokoa: utamu upo, tena mwingi, lakini mwisho wake haukwaruzi, na katikati bado unayapata mahindi. Wapo watakaosema ni tamu mno. Sawa, siwezi kubishana na ulimi wa mtu.

Ninachogombana nacho ni mazoea ya kuhesabu kila neno la ziada kwenye lebo kuwa daraja la juu. Pipa la pili linaweza kuipendezesha wiski nzuri, na linaweza pia kufunika wiski changa, na pua haitakuambia lipi limetokea. Kabla ya kutoa hela ya chupa nzima, agiza glasi moja baa, na kando yake uagize ya kawaida ya kiwanda hicho hicho. Anza na ya kawaida. Ukianza na ile tamu, nyingine itaonekana imepooza hata kama ndiyo bora.