Saa ya moyo kusimama ghafla: je, ni asubuhi kweli?

Hapa Bukavu, mzee anapofariki ghafla usiku, habari hutufikia kukicha, watu wa nyumbani wakisema kwamba amekutwa kitandani. Ndiyo maana wengi wakiambiwa kuwa moyo husimama ghafla zaidi asubuhi, hukubali bila kuuliza. Mimi naona dai hilo linastahili kupimwa, kwa kuwa saa ya kufa na saa ya kukutwa ni mambo mawili tofauti.

Wanaoshikilia asubuhi wana hoja nzito. Mwaka 1987, watafiti waliochambua vyeti vya vifo vya jimbo la Massachusetts, Marekani, waliona vifo vya ghafla vya moyo vikifika kilele kati ya saa moja na saa tano asubuhi. Mwili wenyewe unaeleza sababu: mtu anapoamka na kusimama, adrenalini na kotisoli, homoni zinazouandaa mwili kwa shughuli, huwa juu, shinikizo la damu hupanda, na chembe zinazogandisha damu hushikana kwa urahisi zaidi. Hoja inayonishawishi kuliko zote ni ya dawa. Miongoni mwa watu waliowahi kupata mshtuko wa moyo, waliopewa propranolol, ambayo huukinga moyo dhidi ya adrenalini, hawakuonyesha kilele hicho cha asubuhi. Kama kilele kingekuwa kosa la karatasi tu, dawa isingekigusa.

Hata hivyo, uchunguzi wa jimboni Oregon, uliokusanya vifo zaidi ya 2,600 vya kati ya mwaka 2002 na 2014, haukukiona tena. Huenda dawa za siku hizi zimekisawazisha. Huenda pia maisha yasiyo na mapumziko yameisambaza hatari hadi alasiri na jioni. Naamini kilele cha asubuhi kipo, ila ni kidogo kuliko tulivyofundishwa, na hakiwatoshi wagonjwa wa tansyo, yaani shinikizo la juu la damu, kuhamisha vidonge vyao hadi usiku wakitumaini kukiepuka. Jaribio lililofanyika Uingereza kwa watu zaidi ya 21,000, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2022, halikuona tofauti ya kinga kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni.

Usiku una hatari ya namna nyingine. Katika hospitali za Marekani, zenye mashine na wauguzi saa zote, waliosimama moyo usiku walitoka hai asilimia 14.7 tu, dhidi ya asilimia 19.8 ya waliosimama moyo mchana au jioni. Basi fikirieni nyumba iliyo juu mlimani Kadutu, umeme umekatika, njia ni ngazi za udongo zisizopitika kwa gari, na aliyelala kando ya mgonjwa hajui kuwa ile pumzi ya kukoroma, inayokuja kwa nadra, si usingizi bali ni dalili ya moyo uliosimama.

Anayeanguka sokoni saa nne asubuhi huzungukwa na watu mara moja, na kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi yake ya kupona. Lakini watu hao humpepea na kummwagia maji, wakati anachohitaji ni mikono miwili katikati ya kifua, ikikandamiza kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma, huku wengine wakitafuta gari.