Anayemwogesha mzee ndiye aandike somo

Kila linapotajwa suala la kuwafundisha wahudumu wa wazee wenye demensia, ugonjwa unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, hapa Uganda, jibu la kwanza huwa semina. Hoteli, chai ya saa nne, projekta, bahasha ya nauli, picha ya pamoja. Anayekwenda ni msimamizi. Anayemwogesha mzee na kumlisha uji amebaki zamu, maana wa kumshikia hayupo. Msimamizi akirudi, makabrasha yanaingia kabatini na habari imeishia hapo.

Maoni yangu ni kwamba hoteli tuiache, tujenge hazina moja ya masomo mtandaoni, ya bure, ambamo mhudumu wa Arua, wa Mbarara na wa Kampala wote wanachota na wote wanachangia. Na waandishi wake wakuu wawe hao hao waliobaki zamu. Wataalamu nao tunawahitaji, nitawafikia.

Mtu ataniambia masomo yapo tayari. Ni kweli. Shirika la Afya Duniani lilitoa iSupport mwaka 2019, programu ya mtandaoni kwa wanaowatunza watu wenye demensia, na mwongozo wake wa mhGAP, uliotungwa kwa ajili ya vituo vya kawaida vya afya, una sehemu ya demensia. Nimefaidika navyo vyote viwili. Lakini kozi nyingi za Ulaya zinamdhania mhudumu aliye kwenye nyumba ya wazee yenye chumba kwa kila mtu, maji moto ya bomba, na daktari wa kupigiwa simu. Kwetu wazee wengi wako nyumbani, kwa mkwe au kwa mjukuu. Nyumba za wazee ni za kuhesabika, kama ile ya masista kule Nalukolongo ambayo Papa Francis aliitembelea Novemba 2015.

Tazama walivyofanya jirani zetu wa Tanzania, wilayani Hai, Kilimanjaro. Vipimo vya kumbukumbu vilivyotoka nje vinamtaka mzee achore maumbo kwenye karatasi. Mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu atashindwa hata kama akili yake ni timamu kabisa. Watafiti wakatumia njiti za kiberiti: wewe unazipanga kwa mtindo fulani, mzee anapanga zake zifanane na zako. Hilo linaonyeshwa kwa video ya dakika mbili, na VHT yeyote, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini, analielewa bila kozi. Kujua kwamba kipimo hicho kipo ndiyo shida, kwa sababu kimekaa kwenye majarida ya Kiingereza.

Kama ningeulizwa somo la kwanza liwe lipi, nisingeanza na demensia yenyewe. Ningeanza na kuchanganyikiwa kwa ghafla. Bibi aliyekuwa anapika na kusimulia hadithi Jumamosi, Jumatatu hamtambui bintiye na anazungumza na watu wasiokuwepo: hiyo si demensia, kwa kuwa demensia kwa kawaida hunyemelea kwa miezi na miaka. Hapo pima malaria, pima sukari, uliza mkojo unauma au una harufu kali, sikiliza kifua, tazama kama amekuwa akinywa maji, kagua dawa mpya alizopewa. Mengi kati ya hayo yanatibika na bibi akarudi alivyokuwa. Lakini familia inasema amerogwa, muuguzi anasema ni uzee, na wote wawili wanamwacha aungue na homa. Wauguzi watanijibu kwamba hayo walisoma chuoni. Walisoma, sawa. Saa nane usiku, ukiwa peke yako wodini na mzee anang'oa dripu, sindano ya haloperidol, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, ndiyo iliyo karibu. Marekani ilitoa onyo mwaka 2005, ikaliongeza 2008, kwamba dawa za aina hiyo zinawazidishia hatari ya kufa wazee wenye demensia. Zipo hali zinazozihitaji, lakini si kila kelele.

Somo la pili ni kuogesha. Hapa ndipo wahudumu wanapigwa na kutemewa mate, na ndipo wazee wanapoumizwa. Katika nyumba moja ya wazee ninayoifahamu alikuwepo mstaafu wa jeshi. Luganda aliizungumza vizuri miaka yote, ila ugonjwa ulipokolea kilichobaki mdomoni ni Kiswahili cha kambini. Akiona beseni, anapiga teke. Wahudumu walimbembeleza kwa Luganda, jjajja (babu) hivi, jjajja vile, wapi! Akaja msichana mmoja wa zamu ya usiku, mzaliwa wa Bombo, mji wenye kambi ya jeshi, akasimama wima mlangoni: "Afande, maji tayari. Ukaguzi saa mbili." Mzee akavua shati mwenyewe. Msichana akampa sabuni aishike yeye, akamfunika mabega kwa taulo kavu, akaanza na miguu, akapanda taratibu, uso akaumalizia. Dakika chache, kazi imekwisha. Hakuna aliyeandika hilo popote. Alipoacha kazi aliondoka nalo, na mateke yakarudi.

Ndiyo maana nasisitiza Kiswahili kiwemo, pamoja na Luganda, Runyankole, Acholi na nyinginezo. Katiba yetu imekitaja Kiswahili kama lugha rasmi ya pili tangu 2005 na baraza la mawaziri likakipitisha tena 2022, lakini sitaki kukitetea kwa karatasi za serikali. Wapo wastaafu wa jeshi na polisi, wapo Wakongomani waliozeekea kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, na wapo wahudumu wanaowatunza. Tena tukiandika kwa Kiswahili, mtu wa Moshi au Kisumu anaweza kutukosoa na sisi tukachukua ya kwake.

Sasa wataalamu. Mbinu za wahudumu si zote za kuigwa. Nimeona wazee wamefungwa kitambaa kwenye kiti "wasianguke", nimeona mlango umefungwa kwa kufuli usiku kucha. Ukiacha kila mtu apandishe analotaka, kamba na kufuli navyo vitaingia kama ushauri. Kwa hiyo pawe na wauguzi wa afya ya akili na madaktari wanaopitia kila somo kabla halijatoka, waweke tarehe, na warudi kulikagua tena. Kazi yao iwe kuchuja na kusahihisha, wasiyaandike upya mpaka sauti ya mhudumu ipotee. Nchi hii imewahi kuwaamini watu wa ngazi ya chini: mwaka 2004 sheria iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika morfini ya kunywa kwa wagonjwa wenye maumivu makali, jambo ambalo nchi nyingi ziliwaachia madaktari tu.

Kuhusu mtandao wenyewe, tusijidanganye. Kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza 2018 iliondoka, ikaja ya asilimia 12 kwenye bando kuanzia Julai 2021. Mhudumu hatanunua MB ili amwangalie profesa akihutubia saa nzima. Somo liwe sauti ya dakika tatu, lipakuliwe mara moja kwenye WiFi ya kituo, lirushwe simu kwa simu. Mwenye katochi, simu ndogo isiyo na intaneti, aweze kupiga namba na kusikiliza. Na mzee asipigwe picha hata mara moja! Hawezi kukubali kitu asichokielewa, na sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2019 ipo. Somo likihitaji video, wahudumu waigize wenyewe, wanaweza sana.

Linalonisumbua zaidi ni nani atakuwa mwenye hazina hii. Tumeona tovuti za miradi zikizimika mwezi ambao mfadhili amefunga virago. Hazina hii ikae chini ya chuo cha uuguzi cha umma, na nakala nzima iwepo kwenye kila hospitali ya rufaa ya mkoa, ili hata tovuti ikifa masomo yaendelee kugawiwa. Mradi ambao hauwezi kuniandikia hilo kwenye mkataba kabla ya siku ya uzinduzi, mimi masomo niliyoyarekodi siupi.