Tivii Yangu Imelazwa

Jumapili iliyopita mtaa wetu hapa Buza uliitisha kikao chini ya mwembe wa ofisi ya serikali ya mtaa, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie, viti havikutosha. Vikao vya takataka na mitaro huwa tunafika watu kumi na mbili, wawili kati yao wazee ambao ukipiga filimbi tu wanakuja. Safari hii watu walikalia ndoo, wengine matofali, mimi nikabahatika nusu ya benchi. Nusu nyingine alikaa jirani yangu mama muuza vitumbua, ambaye nusu yake huwa robo tatu.

Kumbe kuna mtu kaomba kufungua duka la bondi kwenye ile fremu mpya, kati ya saluni na kijiwe cha kahawa.

Kama hujawahi kupungukiwa, Mungu akuzidishie, ngoja nikueleze. Unabeba kitu chako, simu, sabufa, jiko la gesi, unakipeleka dirishani. Kijana anakigeuzageuza kama anayechagua papai, anakwambia, "Hapa pana mchubuko." Kitu ulichonunua laki 4 anakupa laki 1, mnaandikishana, na baada ya siku 30 unarudisha laki na elfu 30. Ukichelewa hakuna ugomvi. Kinapangwa kwenye kioo na bei juu, wewe ukipita unakisalimia.

Watu waliongea, jamani. Mmoja akasema vibaka watakuwa wamepata soko mlangoni. Dada mmoja akasema mume wake sasa hivi tu ana macho ya kupima kitanda, je, duka likiwa hatua ishirini kutoka nyumbani? Mume alikuwepo. Akaangalia mwembe.

Mzee wetu mmoja wa Unguja akatupeleka mpaka kwenye karafuu. Kwamba huko kwao, miaka ya 1930, wenye mashamba walikuwa wamejaa madeni, mashamba yako rehani, bei ya karafuu ikaporomoka, deni likabaki palepale, mpaka serikali ya Waingereza ikabidi iingilie kati. "Shamba zima na mikarafuu yake," akasema, "sembuse hiyo redio yako." Alikuwa ananiangalia mimi. Sijui kwa nini alikuwa ananiangalia mimi.

Halafu kijana mmoja wa chuo akasimama na simu yake. Akatusomea kuwa tangu 2018 tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, kwamba mkopeshaji lazima awe na leseni, na kwamba Benki Kuu iliweka ukomo wa riba, asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwembe wote ukanyamaza. Nyuma kabisa mtu akauliza, "Hiyo ya 3.5 inapatikana wapi?" Viti vikaanza kusogezwa. Ilibidi mwenyekiti agonge meza, maana nusu ya wapinzani walishasimama tayari kwa safari.

Lakini aliyepinga kwa uchungu kuliko wote ni Mangi wa dukani. Alisema bondi ni unyonyaji, inavunja utu wa mtu, akapiga na kifua. Nikamsikiliza huku nikiwaza droo yake. Ile droo ya chini, karibu na viberiti, ina vitambulisho vya NIDA vingi kuliko ofisi ya wilaya. Changu kimo tangu mwezi wa nne, kwa kilo mbili za sukari na mafuta ya kupima. Siku Mangi akihamia Moshi, mtaa huu utakuwa wa watu wasiojulikana uraia. Alipokaa, akasimama mama mwenyekiti wa kikoba, naye akapinga. Huyo ndiye usiseme. Ukichelewesha rejesho la kikoba hawaji na karatasi, wanakuja na mkokoteni. Nimewahi kuona kwa macho yangu sufuria linabebwa na wali wake ndani.

Sasa mimi nami napinga, tena nilinyoosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza. Ila sababu yangu sikuitoa pale.

Mimi bondi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni umbali. Bondi inatakiwa iwe mbali, upande daladala, ushuke, ukate vichochoro viwili. Mimi ya kwangu iko Tandika, na huko hakuna anayenijua hata kwa sura. Januari ikifika, ada, madaftari, viatu vya shule vimekuwa vidogo vyote kwa mpigo kama vimepewa taarifa, basi naichukua tivii yangu, inchi 32, naifunga kwenye shuka la maua, naibeba begani alfajiri. Rimoti naiacha nyumbani. Hiyo ni akili yangu mwenyewe: nani atanunua tivii isiyo na rimoti?

Alfajiri hiyohiyo mama muuza vitumbua anakuwa ameshawasha jiko. "Jirani, tivii inaenda wapi?"

"Kwa fundi."

Nimesema "kwa fundi" miaka minne sasa. Mtaa mzima unajua tivii yangu ni mgonjwa. Inalazwa Januari, inaruhusiwa Machi, Juni inazidiwa tena. Watu wananiuliza hali yake kwa sauti ya chini. Mama wa vitumbua aliwahi kuniambia pengine ni umeme wa kwangu mbaya, nimwite mtu wa Tanesco. Shemeji yangu alisema kuna mtu ananichezea. Mwaka jana fainali ya kombe majirani walinichangia elfu 14 za matibabu, nikapokea. Ningefanyaje?

Sasa duka likifunguliwa pale kwenye kijiwe cha kahawa, nitapita wapi na shuka langu la maua? Wale wazee wa kahawa wako pale kuanzia alfajiri mpaka isha, hawana kazi nyingine ila kuhesabu nani kapita na nini. Siku ya kwanza tu watajua ugonjwa wa tivii. Siku ya pili watakuwa wanaitazama kwenye kioo huku wanatafuna kashata, na mimi nimekaa nao.

Na hapa tunapoongea imelazwa.

Basi kura ikapigwa, mikono ikajaa juu, nikaanza kupumua. Mwenyekiti akasema haki ni haki, mwombaji naye yupo, amekuja kujieleza, tumsikilize dakika tano. Akapita katikati ya watu kijana mnene, shati limechomekwa, bahasha mkononi. Nikainama kufunga kamba za kiatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

"Shikamooni wazee wangu," akasema, akaanza kuzungusha macho kwa heshima. Yalipofika kwenye benchi letu yakasimama.

"Aa! Mzee wa inchi 32! Kumbe unakaa huku? Mzee wangu, siku zako zimebaki sita, na ile rimoti mpaka leo hujaniletea!"

Sijawahi kusikia mwembe umetulia namna ile. Mama wa vitumbua akageuka taratibu, benchi lote likageuka naye. Akaniangalia mimi, akamwangalia yule kijana, akanirudia mimi.

"Jirani," akasema, "huyu ndiye fundi?"

"Ndiye," nikasema. "Fundi mzuri sana. Ila anachelewesha."