Jiolojia, deni la Bodi na mshahara usio na tarehe

Dada yangu amenipigia simu mara mbili wiki hii. Mwanawe amechaguliwa kusoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na ardhi, mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu umetoka, na yeye anataka kujua jambo moja: "Kaka, hiyo kozi italipa hilo deni?" Ameniuliza mimi kwa sababu ni mjiolojia. Nikamwomba siku mbili nipige hesabu.

Deni linahesabika. Fedha ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanayoiita boom, ni Sh10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kwa siku 240 ni Sh2.4 milioni kwa mwaka. Ongeza ada, vitabu na mafunzo kwa vitendo, zidisha kwa miaka minne, na aliyepata mkopo mkubwa atatoka chuoni akidaiwa, tuseme, Sh15 milioni. Akiajiriwa, sheria iliyorekebishwa 2016 inamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Chukua mshahara wa Sh1 milioni kwenye kampuni binafsi: mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF) 100,000, kodi 103,000, Bodi 150,000. Mkononi zinabaki 647,000, na deni linakwisha baada ya miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Akibahatika kupata mshahara wa msingi wa Sh3 milioni mgodini, analimaliza kabla ya miaka mitatu.

Kwa hiyo deni lenyewe halinitishi. Tena makali yake yamepungua, kwa sababu tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Zamani kijana aliyekaa nyumbani miaka mitatu bila kazi alikuta deni limenenepa. Ni haki kwamba iliondolewa.

Kinachonitisha ni mshahara: utakuja lini, na ukija utadumu kwa muda gani.

Sisi tuliingia chuo 2011, wakia ya dhahabu (kama gramu 31) ikiwa imefika karibu dola 1,900. Tulipomaliza 2015 ilikuwa inaelekea dola 1,050. Nilipata kibarua kwenye kambi moja ya utafiti wa dhahabu Kanda ya Ziwa, kikadumu miezi minne. Asubuhi moja tulikuta mashine ya kuchoronga imeshapakiwa kwenye lori, na masanduku ya sampuli za miamba yamepangwa chini ya turubai, nusu yake hakuna aliyekuwa ameyasoma bado. Meneja akatukusanya, akasema fedha zimekwisha. Tukapewa nauli.

Dada hawezi kuliona hili kwenye taarifa ya habari. Kampuni ya utafiti haina dhahabu ya kuuza. Inaishi kwa fedha za wanahisa wa Toronto, London au Australia. Bei ikishuka wanahisa hufunga mifuko, na mjiolojia ni wa kwanza kuaga. Hata mgodi unaozalisha una mwisho wake: Buzwagi ulianza 2009, ukafikia kikomo 2021. Bulyanhulu ulipunguza shughuli 2017 baada ya usafirishaji wa makinikia (mchanga wenye madini) nje ya nchi kuzuiwa, na watu wakapoteza kazi ingawa mwamba ulikuwa bado na mali. Waliokimbilia jiolojia ya petroli baada ya gesi ya kina kirefu kuanza kugunduliwa 2010 wamesubiri mtambo wa kusindika gesi wa Lindi kwa zaidi ya miaka kumi.

Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000, na kila mzazi anaona neema. Lakini bei hiyo ni bahati ya wanaomaliza leo. Mpwa wangu atamaliza baada ya miaka minne.

Hata hivyo, simwambii akimbie. Kanuni za 2018 zinawapa Watanzania kipaumbele kwenye ajira za madini, jambo linalowasaidia vijana wetu kweli. Soko la madini lilifunguliwa Geita Machi 2019, yakafuata mengine, na mchimbaji mdogo anauza dhahabu yake hadharani. Wengi wao bado wanachimba duara (shimo la mgodi) kwa kubahatisha, mita kwa mita, mpaka mtaji unaisha. Mtu wa kuwaonyesha mshipa umelalia upande gani ana kazi pale, ingawa malipo yake mara nyingi ni ahadi ya mgawo mpaka mzigo utoke.

Kilichonilisha mimi ni maji. Baada ya ile kambi kufungwa nilijiunga na jamaa mwenye kifaa cha kupima ukinzani wa umeme ardhini, ili kujua wapi pana dalili za maji. Tunavuta nyaya katikati ya mahindi, tunagongelea vigingi vinne vya chuma, watoto wa kijiji wanatufuata nyuma. Namba zikisomeka vizuri tunaweka alama ya kisima. Hakuna mwajiri wa kunikata. Deni nililipa mwenyewe kidogo kidogo, na nilichukua muda mrefu kuliko miezi ile 100. Kwenye kozi yetu somo la maji ya ardhini ndilo tulilolipuuza, kila mtu akiwaza dhahabu.

Nimemwambia dada amruhusu aende. Likizo ndefu ya kwanza aje kwangu. Kila kiangazi tunakuwa na vijiji vya kupima, na nyaya zinahitaji mtu wa kuzibeba.